Faini, guta, kontena au bustani? Mtaa wenu uanzie wapi kukomesha utupaji taka hovyo

Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una mahali pake: nyuma ya ukuta wa shule, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe yuko mkoani, ukingoni mwa mtaro, au chini ya nguzo ambayo taa yake iliungua siku nyingi. Leo panasafishwa, kesho viroba vimerudi. Na kwenye mkutano wa mtaa hoja huwa ni zile zile. Mmoja anataka faini kali. Mwingine anataka Halmashauri ilete kontena. Vijana wanaomba wapewe guta wazoe wenyewe. Mama mmoja anasema pale papandwe maua tu, watu wataona haya. Wote wana hoja, ila mfuko wa mtaa hautoshi kufanya yote manne kwa mpigo, na yakifanywa kwa mpangilio mbaya yanaharibiana.

Nimeona nizilinganishe njia hizo kwa ajili ya kamati zinazotakiwa kuamua. Msimamo wangu nautoa mapema: mtaa ukianza na faini kabla ya kuwa na mzoaji wa uhakika, utamaliza mwaka mzima ukigombana na watu wake. Lakini si kila jalala limetokana na kukosa mzoaji, kwa hiyo kuna kazi inayotangulia uchaguzi wenyewe.

Lisomeni jalala kwanza

Nendeni pale watu watatu au wanne, mkiwa na glavu, viatu vya kufunika na reki, mfungue viroba kadhaa. Inanuka, ila ni kazi ya muda mfupi na inajibu maswali ambayo mkutano mzima hauwezi kuyajibu. Mkikuta maganda ya ndizi, majivu ya mkaa, pampasi na mabaki ya ugali, wanaotupa ni kaya za jirani. Manyoya na utumbo wa kuku, maganda ya viazi gunia zima, hao ni wauza kuku na mabanda ya chipsi. Nywele za bandia na vichupa vya dawa vinatoka saluni. Vipande vya vigae, tofali zilizovunjika na mifuko ya saruji vimeletwa na kirikuu kilicholipwa kuondoa kifusi, dereva akaona hakuna haja ya kwenda mbali. Mkikuta sindano au chupa za dawa za hospitali, msiguse; mwiteni bwana afya wa kata hapo hapo.

Kuna aina moja ambayo kamati nyingi huipita bila kuitambua. Ni lundo lenye viroba vya kila rangi na ukubwa, vya kaya nyingi tofauti, lakini vimemwagwa kwa pamoja sehemu moja, kama vimeshushwa kutoka chombo kimoja. Huyo ni mzoaji. Amechukua taka nyumbani kwa watu, amepokea ada, halafu amezimwaga kwenye mtaa wenu badala ya kuzifikisha zinakotakiwa.

Ulizeni na saa pia. Muuza kahawa, bodaboda wa kijiweni na mlinzi wa duka wanajua nani hupita na nini. Kaya hutuma watoto alfajiri au giza likiingia. Wenye mabanda hutupa wakifunga biashara. Kifusi hushushwa usiku wa manane. Mkishajua ni nani na saa ngapi, nusu ya ubishi wa mkutanoni unakwisha wenyewe.

Faini na doria

Njia hii ndiyo rahisi kutangaza: rangi ukutani, "Usitupe taka hapa, faini 50,000", na mgambo wawili. Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na viwango vya adhabu viko kwenye sheria ndogo za halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake hawawezi kujitungia faini yao kikaoni. Anayetozwa alipe kwa namba ya malipo ya Serikali na apewe risiti. Fedha ikianza kupita mkononi, doria inageuka kipato cha watu wachache, na mtaa unapoteza imani kwa jambo lote.

Faini inafanya kazi vizuri kwa mtu mwenye kitu cha kupoteza: kirikuu chenye namba za usajili, mgahawa wenye leseni, mkandarasi mwenye zabuni. Hao wana uwezo wa kulipia njia halali na wamechagua kutolipia. Picha moja ya gari likishusha kifusi, yenye namba inayosomeka, ikifikishwa kwa afisa afya wa kata, ina nguvu kuliko mabango kumi.

Kwa kaya hali ni nyingine. Mchukulie mama mpangaji wa chumba kimoja, mzoaji hajapita wiki mbili, kiroba kimeanza kutoa funza mlangoni na watoto wanalala hatua mbili kutoka hapo. Ukimtishia faini hatakaa na kile kiroba. Atakitoa saa nane usiku badala ya saa kumi na mbili asubuhi, na hatakipeleka pale penye bango. Atakitia mtaroni, ambako hamtakiona mpaka masika. Hapo ndipo uchafu unapokuwa ugonjwa. Mtaro ulioziba unarudisha maji majumbani, maji yanachanganyika na ya vyooni, na Dar es Salaam tunajua kinachofuata: kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilienea mpaka mikoa mingi ya nchi.

Watu hupenda kuutaja mji wa Moshi kama ushahidi kwamba faini inatosha. Moshi imesifika kwa usafi kwa miaka mingi, na faini ipo kweli, lakini inatembea pamoja na huduma ya uzoaji na wananchi wanaokemeana wenyewe. Ukichukua faini peke yake ukaacha hayo mengine, umechukua kipande kidogo.

Kuhusu kamera: kwa mtaa wa kawaida sioni faida. Bila umeme wa uhakika, mwanga wa usiku na mtu wa kuangalia picha, fedha hiyo ingelipa mzoaji miezi kadhaa. Taa moja pale penye giza ni bora zaidi.

Mzoaji wa mlango kwa mlango

Hapa ndipo penye uzito wote. Mwaka 1994 Jiji la Dar es Salaam lilianza kukabidhi uzoaji kwa kampuni binafsi, kuanzia kata za katikati, na baadaye vikundi vya kijamii vikaingia. Mfumo wake kila mtu anaujua: guta au kirikuu kinapita, kijana anapuliza filimbi, watu wanatoa viroba, mwisho wa mwezi ada inakusanywa. Unapofanya kazi, majalala mengi hufa bila kelele. Unapolegea, unayazaa upya. Tofauti iko kwenye mambo matatu ambayo kamati inapaswa kuyabana kabla ya kumkubali mtu.

La kwanza ni siku. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika jiji hili ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya chakula, mifupa ya samaki. Kwa joto letu, siku ya tatu kiroba hakikaliki. Mwenye nyumba yenye ua na pipa la mfuniko anaweza kusubiri wiki. Mpangaji ambaye jiko lake liko koridoni hawezi. Kwa hiyo mzoaji wa mara moja kwa wiki anawahudumia wenye nafasi, na kuwaacha wale wale ambao viroba vyao mnavikuta asubuhi. Mara mbili kwa wiki ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukitetea, na siku ziwe zile zile. Jumanne na Ijumaa zisizokosewa ni bora kuliko ahadi ya mara tatu ambayo haijulikani itatimia lini.

La pili ni nani analipa. Nyumba ina vyumba vinane, wapangaji wanane, na mwenye nyumba anaishi Kibaha. Mkandarasi akitoza kwa nyumba, hakuna anayejiona anadaiwa. Akitoza kwa kaya, anakutana na makufuli, maana mchana watu wako kazini. Suluhisho liko ndani ya nyumba zenyewe: wapangaji wanaochangia LUKU tayari wana mtu anayewakusanyia, basi huyo huyo apokee na ya taka. Mitaa yenye ulinzi shirikishi inaweza kuziunganisha ada hizo mbili, mkusanyaji mmoja, siku moja, risiti mbili.

Fanyeni hesabu mbele ya wananchi. Mtaa wa kaya 300, kila kaya shilingi 3,000 kwa mwezi, ni shilingi 900,000. Wakilipa nusu tu, zinabaki 450,000, na ndani yake kuna posho za vijana, matengenezo ya guta, mafuta ya gari na ada ya kumwaga taka dampo. Mkandarasi akibanwa hivyo, kitu cha kwanza anachokikata ni safari ya dampo, kwa sababu hakuna mwananchi anayeiona. Mtaa unaolipa nusu unajinunulia jalala la mtaa wa jirani.

Ndiyo maana jambo la tatu, taka zinaishia wapi, ninalipatia uzito kuliko yote. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi na kunuka katikati ya makazi yao, na wakashinda. Ushindi ule ulikuwa wa haki kabisa. Ila dampo la jiji baada ya hapo lilihama mara kadhaa, likapitia Vingunguti na Mtoni, na sasa liko Pugu Kinyamwezi. Sasa piga picha kijana wa guta aliyeko Bunju au Mbezi Juu. Hawezi kukanyaga mpaka Pugu. Anatakiwa afikishe mzigo kwenye kituo cha kukusanyia, gari kubwa liuchukue. Kituo kisipokuwepo, au gari lisipofika siku mbili tatu, korongo liko karibu na jioni imeshaingia.

Kwa hiyo mkataba useme wazi: mkandarasi ataje kituo anachotumia, na kila mwezi alete ofisi ya mtaa risiti za dampo. Na mjumbe mmoja, siku ambayo haikutangazwa, alifuate guta mpaka mwisho wa safari yake. Fanyeni hivyo mara moja kila baada ya muda. Hakuna kipimo kingine cha mkandarasi kinachofikia hicho.

Namna ya kupunguza gharama ya safari ni kupunguza mzigo. Kata ya Bonyokwa, wilayani Ilala, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wakazi kutenganisha taka nyumbani: zinazooza zinageuzwa mboji, plastiki na chuma vinauzwa, kinachobaki ndicho kinaenda dampo. Nchini Kenya, sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 imefanya kutenganisha kuwa wajibu wa kila kaya. Faida yake kwa mtaa wetu ni ya moja kwa moja: zaidi ya nusu ya uzito hausafiri mbali. Gharama yake ni eneo la kutengenezea mboji, na subira, kwa sababu kuna kaya zitakazochanganya kwa miezi kadhaa hata baada ya kuelekezwa mlango kwa mlango. Nisingeanza nalo mwezi wa kwanza. Uzoaji ukishazoeleka, ningeanza na ndoo moja tu, ya vinavyooza, na plastiki ningewaachia waokota makopo ambao tayari wanazifuata.

Kontena la pamoja

Kontena lina mvuto kwa sababu halina ada ya mlangoni na mtu anapeleka saa yoyote. Mahali penye watu wengi na nafasi ya gari kugeuza, kama sokoni, stendi au kwenye maghorofa ya wapangaji, linafaa kweli, na sijaona njia nyingine inayoweza kumeza taka za soko la mboga.

Kwenye mitaa ya makazi linashindwa kwa mambo madogo ambayo kwenye karatasi hayaonekani. Aliyetumwa kutupa ni mtoto wa miaka minane. Mdomo wa kontena uko juu ya kichwa chake. Anakiweka kiroba chini, pembeni, anaondoka. Wa pili anaona kiroba cha kwanza, anaweka chake hapo. Mbwa na kunguru wanavipasua, mwokota makopo anamalizia, na jioni kontena liko nusu huku ardhi yote inayolizunguka haipitiki. Gari likichelewa, watu wa mitaa mingine nao wanakuwa wamekwisha kupazoea. Nyumba iliyo jirani na kontena inabeba mzigo wa mtaa mzima bila kuulizwa.

Mkiamua kulichukua, basi liwe na msimamizi anayelipwa, saa za kufungua na kufunga, sakafu ya zege inayooshwa, na ngazi au mlango wa chini ambao mtoto anaufikia. Na ratiba ya gari iandikwe kwa maandishi kabla kontena halijashushwa. Bila ratiba hiyo ningelikataa, hata likiletwa bure.

Kugeuza eneo lenyewe

Wazo la yule mama wa maua si la kudharauliwa. Dandora, Nairobi, kunakojulikana zaidi kwa dampo lake kubwa lililofunguliwa miaka ya 1970, vijana walisafisha viwanja vilivyo kati ya nyumba, wakapaka rangi, wakapanda miti, wakaweka mageti na wakazi wakachangia matunzo. Sehemu zilizokuwa za uchafu na wizi zikawa za watoto kucheza. Kilichozilinda si miti yenyewe. Ni kwamba kulikuwa na watu wanaojulikana wenye eneo hilo mikononi mwao, wanaoona kila anayeingia.

Kwa mtaa wa hapa kwetu, kitalu cha miche cha kikundi cha vijana, banda la mama lishe au kijiwe cha bodaboda hufanya kazi hiyo hiyo kwa fedha kidogo. Bustani isiyo na mwenyewe hukauka kiangazi kimoja na viroba hurudi juu ya maua yaliyokufa. Kabla ya yote hakikisheni eneo ni la nani. Kiwanja cha mtu kinahitaji barua ya ridhaa yake. Kando ya barabara ulizeni wakala wa barabara, TARURA au TANROADS. Ukingoni mwa mto, kama wanaoishi kandokando ya Msimbazi wanavyoambiwa kila mara, sheria ile ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60, kwa hiyo pale pandeni miti na msijenge kibanda.

Njia hii haipunguzi taka hata kilo moja. Inafunga mlango mmoja. Kama watu hawana pa kupeleka, watafungua mwingine mita mia mbele.

Nalo zoezi la usafi la Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambalo wengi tunalikumbuka lilivyopata nguvu baada ya sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 kugeuzwa siku ya kufanya usafi, lina nafasi yake: linawakutanisha watu na linawapa pa kuanzia. Ila agizeni gari kabla ya kushika majembe. Lundo linaloachwa barabarani "likisubiri gari" ndilo jalala la wiki ijayo.

Ningechagua hivi

Mtaa wa vichochoro, kama Tandale, Manzese au Buguruni, ambako jalala linaonesha taka za jikoni: mzoaji kwa guta au toroli, mara mbili kwa wiki, ada ipokelewe kupitia wapangaji. Kontena hapana, gari halina pa kupita. Baada ya miezi miwili ya huduma isiyokatika, sehemu ile isafishwe kwa siku moja na kikundi chenye jina kikabidhiwe jioni hiyo hiyo. Faini zianze baada ya hapo, zikiwa zimetangazwa mapema. Wakati huo anayetupa hana tena la kujitetea, na majirani watasimama upande wenu.

Mtaa wenye soko au safu ya mabanda: kontena lenye msimamizi, wafanyabiashara walipe kulingana na wanachozalisha. Muuza kuku na muuza vocha wasitozwe sawa. Anayekataa, faini toka siku ya kwanza, maana yeye ana kipato kinachotokana na taka hizo.

Mitaa ya pembezoni yenye viwanja vingi vitupu, tuseme Goba, Kivule au Chanika, na jalala likiwa la kifusi: hapo faini na doria ndiyo nianze nayo, pamoja na kuziba njia ya gari kwa mawe au geti. Lakini kuna kitu kinasahaulika. Kwenye mitaa hiyo hiyo kuna watu wanaotafuta kifusi cha kujazia viwanja vya bondeni na misingi ya nyumba. Ofisi ya mtaa ikiweka daftari la wanaokihitaji na namba zao, na mafundi wote wakalijua, vifusi vingi vitapata pa kwenda bila kukimbizana na mtu usiku. Vigezo viwili tu: kiwe hakina taka nyingine ndani, na kisizibe mkondo wa maji.

Na kama mlichokikuta ni lundo la mzoaji, msihangaike na wananchi wenu kabisa. Piga picha, andika tarehe, peleka kwa mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata, na ombeni kuona mkataba wa mkandarasi husika. Zungumzeni pia na mtaa anakotoka. Mara nyingi wakazi wake wanalipa kwa nia njema na hawajui taka zao zinalala kwenu.

Lolote mtakaloamua, kubalianeni tangu siku ya kusaini nani atatoa taarifa guta likiharibika. Itoke siku hiyo hiyo, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa na kwa midomo ya wajumbe kwa wasio na simu janja: litapita lini, na viroba viwekwe wapi mpaka hapo. Mkandarasi awe na toroli la akiba. Mvua za masika zikikaribia, mitaro izibuliwe kabla, na ratiba iangaliwe upya, kwa sababu ndicho kipindi ambacho njia huharibika, guta hukwama, na maji yanayopita mlangoni humshawishi mtu kuachia kiroba kiondoke nayo.